Wembe wa Bibi na Njia ya Kilwa

Nina chale tatu upande wa kushoto wa kifua. Ni fupi, kila moja kama punje ya mpunga, zimepangana na kuinama kidogo upande mmoja, kama majani yaliyopitiwa na upepo. Mama husimulia kwamba nilichanjwa na bibi mzaa mama usiku nilioshikwa na degedege, sijatimiza hata miaka miwili, akapaka unga mweusi uliokorogwa na mafuta ya nyonyo, na asubuhi nikaamka nadai uji. Nimekua nazo. Nimevua shati mbele ya madaktari waliozitazama wakanyamaza. Sikuwahi kuuliza habari zake.

Aliyenifanya niulize ni mpwa wangu. Alikuja Songea kwa likizo akiwa amevaa shati la mikono mirefu, na kwa siku mbili, jua linawaka, hakulikunja. Siku ya tatu alipokuwa akipasua kuni alijisahau. Ndani ya mkono, chini ya kiwiko, tukaona jina la marehemu mama yake, dada yangu, na mwaka aliofariki. Kelele zikazuka uani. Mzee mmoja wa ukoo akasema huo ni uzungu mtupu. Mwingine akamkumbusha matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi, yenye sharti kwamba mwombaji asiwe na tatuu mwilini. "Umejifungia mlango mwenyewe," akamwambia. Kijana hakubishana. Alinigeukia mimi. "Mjomba, simu yenye picha zake iliibwa. Mkono hauibiwi."

Mama yangu, bibi yake, hakutia neno. Alimsogelea, akapitisha kidole gumba juu ya zile herufi, moja baada ya nyingine, yeye ambaye hajui kusoma.

Lile neno uzungu lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikaanza na maneno yenyewe. Leo ukisema nembo, mtu anawaza ngao ya Taifa, ile yenye mwanamume na mwanamke walioshika pembe za ndovu, au alama iliyo mlangoni mwa benki. Lakini fungua kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 utakuta nembo ni alama ya kabila, ile inayochanjwa usoni au mwilini. Ngozi ndiyo iliyokuwa na nembo kwanza; serikali na kampuni zimeazima. Na chanjo je? Kuchanja ni kupasua ngozi kwa wembe. Kinga ya ndui ilipofika, watu waliipa neno walilokuwa nalo tayari, na hadi leo mama anayepeleka mtoto kliniki kupata chanjo ya kifua kikuu, ile inayoacha kovu begani, anatumia neno la bibi yangu. Hata tatuu yenyewe asili yake si Ulaya. Ni neno la visiwa vya Polinesia, lililochukuliwa na mabaharia wa Kiingereza katika karne ya 18.

Basi nikaamua kuzifuata nembo hizo njiani. Kwetu njia ni moja: ile ya misafara ya watumwa iliyotoka Ziwa Nyasa, ikakata Ungoni, ikapita nchi ya Wayao na kuteremka hadi Kilwa Kivinje. Kwa miguu ya watu waliofungwa minyororo ilikuwa safari ya wiki nyingi. Sasa sehemu yake kubwa ni lami ya Songea, Namtumbo na Tunduru, na basi hupita mapema asubuhi kabla ukungu wa Matogoro haujainuka. Huko Matogoro, mashariki ya mji, ndiko Mto Ruvuma unakozaliwa.

Nilianzia mtaa wa Mahenge hapahapa Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji, dakika chache tu kutoka katikati ya mji. Sanamu za manduna, wakuu wa Kingoni, zipo, na nyuma yake kaburi la halaiki la mashujaa wa Vita ya Majimaji walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Kati yao alikuwamo mwanamke, Nduna Mkomanile wa Kitanda. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake, ana kaburi lake peke yake. Masimulizi ya hapa yanasema Wajerumani walitaka kumwacha hai, naye akakataa kubaki nyuma ya wenzake. Lakini kaburi lake linaaminika kuwa pungufu: ukoo wake unashikilia kwamba kichwa kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama mahali hapo, akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa Songea Mbano, akaahidi kwamba kichwa hicho kitatafutwa.

Nilikaa kwenye kivuli pale kwa muda mrefu nikifikiria jambo moja. Mjini Berlin kuna mkusanyiko ambamo watafiti wamechunguza mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Kati yake, 202 yanahesabiwa kuwa ya Tanzania. Fuvu halina nembo. Ngozi ikishaondoka, Mngoni, Mmatengo, Myao na Mmakonde wanabaki mfupa mmoja wenye namba ya wino. Mwaka huohuo wa 2023 ilitangazwa kwamba vinasaba vimeyaunganisha mafuvu machache na jamaa walio hai wa upande wa Kilimanjaro. Maabara inafanya leo, kwa gharama kubwa na kwa watu wachache mno, kazi ambayo zamani jirani aliimaliza kwa kutupa jicho tu.

Ungoni wenyewe ulikuwa nchi ya nyuso nyingi. Wangoni waliovuka Zambezi Novemba 1835 chini ya kiongozi wao Zwangendaba walikuwa wametoka kusini kabisa mwa Afrika, na kila walipopita walibeba watu. Walipofika kwenye vilima hivi idadi yao haikuwa kubwa. Waliowajaza ni Wandendeule, Wanindi, Wamatengo, Wapangwa na wengine, waliotekwa au kujisalimisha, ambao kwa Wangoni wote waliitwa wasutu. Mtu alijifunza ngao na mkuki wa Kingoni, lakini kama kwao walichanja, alama ya kwao ilibaki palepale usoni, chini ya manyoya ya vita. Jina la kabila hubadilika. Kovu halihami.

Ukishapita Namtumbo na kuingia Tunduru, nchi inashuka, miombo inatanda, na Ruvuma unakuwa karibu kwa upande wa kusini. Bonde hili David Livingstone alilipanda mwaka 1866 akitokea Mikindani, akafika kwa Mataka, mtawala wa Kiyao, mwezi Julai. Njiani aliandika kuhusu nyuso alizokutana nazo, na Wamakua aliwatambua kwa kovu la mwezi mchanga kwenye paji la uso, pembe zikitazama chini. Katika shajara hizohizo zimo maiti za watumwa walioachwa njiani kwa kushindwa kutembea, na vijiji vitupu. Ni kurasa ngumu kusoma ukiwa ndani ya basi linalopita karibu na hapo, redio inacheza muziki na mtoto wa jirani amelala begani mwako.

Hapo ndipo nilipoona uzito wa nembo. Mtu aliyekamatwa karibu na Ziwa Nyasa alinyang'anywa nguo na jina. Kilwa walimwita walivyotaka, Unguja wakambadilishia tena. Kitu pekee alichovuka nacho bahari ni alichokatwa utotoni na watu waliompenda. Ilikuwa na ubaya wake pia, na sitauficha: kwenye mji wa pwani ambako heshima ilikuwa kuitwa mwungwana, nembo ilimtangaza mtu kuwa wa bara hata pale mwenyewe alipotaka kuficha. Lakini Mmakua aliyekutana na Mmakua gulioni hakuhitaji mkalimani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa, nia ikiwa kuwarudisha upande wa ziwa, kwao. Waliishia Masasi, wakajenga hapo. Nawaza wanawake wa Masasi na vijiji vya jirani wakija kuwatazama wale wageni waliovaa nguo za misheni, na kabla ya salamu macho yao yanatafuta kitu kwenye mapaji ya nyuso.

Miezi michache tu baada ya vitanzi vya Songea, katika huohuo mwaka 1906, Karl Weule, mtaalamu kutoka jumba la makumbusho la Leipzig, alizunguka Lindi, Masasi na Newala akiwapiga picha Wamakonde, Wayao na Wamakua, pamoja na nembo zao. Vita ya Majimaji ilikuwa haijapoa. Kwa hiyo picha za nyuso zetu zilikwenda Leipzig, na mafuvu yetu yakawa Berlin, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuviweka pamoja.

Niliporudi Songea mpwa wangu aliniambia kuna bibi wa Kimakonde anaishi na binti yake mtaa wa Mfaranyaki. Tukaenda naye kwa bodaboda. Bibi alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, akavuka na wazazi wake vita ya ukombozi wa Msumbiji ilipoanza mwaka 1964. Tulimkuta barazani anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Kaeni."

Uso wake una mistari ya pembepembe inayotoka kwenye mashavu na kukutana juu ya pua, na mingine miwili mifupi kidevuni. Kwa mbali ni kama michirizi ya bluu. Kwa karibu ni matuta: ngozi imeinuka, imekaza, inang'aa kuliko ngozi ya pembeni. Wamakonde huziita dinembo. Fundi wake, mpundi, alikata kwa kisu kidogo, akasugua masizi ya mbegu za nyonyo ndani ya jeraha, kisha msichana akakalishwa juani damu ikauke. Na haikuwa mara moja. Ili ngozi iinuke, mstari ulikatwa tena juu ya kovu lake.

"Siku ya kwanza unalia," alituambia. "Akirudi mara ya pili, palepale, hulii. Unahesabu." Niliuliza aliambiwa ni za nini. Akacheka, akainua ungo na kuupepeta kidogo. "Niliambiwa nikipotea, mtu wa kwetu atanijua sijafungua mdomo."

Alipotea kweli, kwa namna yake. Ng'ambo, chama cha ukombozi cha Frelimo kilichotaka taifa moja lisilo na makabila kilipiga marufuku uchanjaji, na huku wadogo zake wakakua na nyuso safi, yeye akabaki wa mwisho nyumbani mwao. Miaka ya mwanzo hapa Songea alikwenda sokoni amejifunika khanga hadi puani, kwa sababu watoto walimfuata nyuma wakimcheka. Aliacha kujifunika alipoona kwenye kibanda cha vinyago barakoa ya mapiko, ile ya ngoma ya jando, imebandikwa kwa nta ya nyuki mistari ileile ya shavuni mwake. Watalii wanainunua, akasema, na mimi nimejifunika.

Kisha akauona mkono wa mpwa wangu. "Huyu ameandikwa nini?"

"Jina la mama yangu, bibi. Amefariki."

Alifuta vidole kwenye khanga, akaushika ule mkono na kuupapasa kama mama yangu alivyoupapasa, polepole, kutoka herufi ya kwanza hadi tarakimu ya mwisho. Akarudia. Akakunja uso. "Haina tuta. Gizani itasemaje?" Hakuuliza kwa dharau. Alitaka kujua. Kijana alifikiri kidogo, akasema yeye mwenyewe akiwa gizani anajua iko wapi. Bibi akakubali kwa kichwa, na hakuuachia ule mkono. Nami nikayakumbuka maneno ya wazee uani kwetu, uzungu na mlango wa polisi. Nadhani walimkosea huyu mtoto. Amefanya kitu ambacho nchi hii ilikifanya muda mrefu kabla ya meli ya kwanza ya Wajerumani, isipokuwa yeye hakuwa na mpundi wa kumpeleka wala ukoo wa kumshika mabega. Alikwenda peke yake, akamlipa mtu asiyemjua.

Tulipokuwa tunaaga nilifungua vifungo viwili vya shati nikamwonyesha zangu. Sikutegemea kitu, chale za dawa si nembo, karibu kila mtu wa rika langu anazo. Bibi aliinama hadi nikasikia pumzi yake. Akaweka ukucha mwanzoni mwa chale ya juu, akaufuata hadi mwisho, akafanya hivyo kwa ya pili na ya tatu.

"Amekuchanja nani?"

"Bibi yangu, mzaa mama."

"Alikuwa mashoto."

Nikamwambia sijui. Alinionyesha: pale wembe ulipoingia kovu ni pana, pale ulipotoka ni jembamba, na mkono wa kulia ungezilaza upande wa pili. Bibi alifariki sijaanza shule, sura yake siikumbuki, na hatuna picha yake hata moja. Nilitoka hadi barabarani nikampigia mama simu.

"Nani amekuambia?" akauliza. Akanyamaza kitambo. "Hata mwiko aliushika kushoto. Tulikuwa tunakaa upande ule mwingine wa jiko, asitupige kiwiko."