Dawa za Mafua Katika Jiko la Kiganda: Historia Iliyomo Katika Majina

Katika familia nyingi za Buganda, mtoto akianza kupiga chafya na kukohoa, mama au bibi huchuma majani ya mujaaja nyuma ya nyumba na kuyachemsha kwa chai. Huongeza tangawizi iliyopondwa, ndimu na asali. Mafua yakizidi, mgonjwa hujifukiza kwa mvuke wa majani ya mkalitusi. Dawa hizi zote huitwa za kienyeji. Insha hii inaonyesha kwamba uenyeji huo ulijengwa kwa hatua, na majina ya dawa zenyewe ni ushahidi.

Hatua ya kwanza ni mujaaja, mmea wenye harufu kali unaoota Afrika na ambao jina lake ni la Kiganda.

Hatua ya pili ni biashara ya masafa marefu. Tangawizi asili yake ni Asia, nayo ilifika pwani yetu kupitia Bahari ya Hindi. Wafanyabiashara wa pwani walifika katika ikulu ya Kabaka Suuna II mnamo mwaka 1844. Waganda huiita tangawizi "tangawuzi". Neno hilo ni la Kiswahili, kwa hiyo linatuonyesha njia ambayo dawa hii ilipitia.

Hatua ya tatu ni ukoloni. Mkalitusi ulitoka Australia, ukapandwa kwa ajili ya nguzo, kuni na kukausha vinamasi. Waganda waliuita "kalitunsi", wakagundua matumizi ambayo hayakuwa katika mipango ya serikali. Hata chai, iliyoenezwa na mashamba ya wakoloni, ikawa chombo cha kubebea mujaaja.

Kwa nini historia hii haisomwi sana? Hospitali ya Mengo ilianzishwa na daktari mmisionari Albert Cook mwaka 1897. Kumbukumbu za hospitali huhifadhi habari za waliofika hospitalini. Mtoto aliyepona jikoni hakuandikwa popote. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1957 haikukataza utengenezaji wala uuzaji wa dawa za kienyeji kwa nia njema, lakini kule kuzitaja ndani ya sheria ya uchawi kulitosha kuzitia doa. Sheria mahususi ya tiba asilia ilipitishwa mwaka 2019, nayo inawalenga zaidi waganga, si mama anayechemsha majani nyumbani.

Kwa kuhitimisha, wanawake hawakurithi tu dawa hizi. Walizichagua, wakazichanganya na kuzipa majina. Mwanahistoria anayetegemea nyaraka peke yake atawakosa. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna chanzo kingine: maneno. Tuyakusanye pamoja na maelezo ya bibi zetu wangali hai, kwa maana maarifa haya hayana maktaba nyingine.