Uuguzi na Majeraha ya Nafsi katika Nchi ya Nyeri

Serikali ya Kiingereza ilipowakusanya kwa nguvu, mwaka 1917, wanaume wa nyanda za Mlima Kenya ili wakawabebee askari wake mizigo katika vita dhidi ya Wajerumani, maelfu miongoni mwao hawakurudi tena makwao, na aghalabu hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara damu, homa na njaa. Katika hospitali za wapagazi hao, Voi, Kilwa na Dar es Salaam, alihudumu mtawa Mtaliano wa shirika la Consolata, Irene Stefani, aliyefika nchini Januari 1915. Husimuliwa kwamba huko Kilwa, alipoambiwa kuwa mgonjwa wake mmoja amekwisha kufa, alishuka hadi ufuoni zilikolazwa maiti, akazikagua moja moja, akamkuta angali hai.

Vita vilipokwisha alihamia Gikondi, kusini mwa Nyeri, akakaa huko toka 1920 hata 1930, akipanda na kushuka vilima kwa miguu kwenda kuwazuru wagonjwa majumbani mwao, kuwazalisha wanawake, na kuwaandikia barua wazazi ambao watoto wao walikuwa wamekwenda kutafuta kazi mijini. Wenyeji wakamwita Nyaatha, mama mwenye rehema. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930 kwa tauni aliyoipata kwa kumuuguza mwalimu wa shule. Nami naona kwamba uuguzi wa msingi, ule wa kumfuata mgonjwa alipo na kumsikiliza kabla ya kumpa dawa, ulikuwa na asili yake katika vilima vile zamani sana kabla ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978 juu ya afya ya msingi kuupa hadhi mbele ya mataifa.

Lakini jeraha kubwa zaidi lilikuwa bado kuja. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952 ili kuuzima uasi wa Mau Mau dhidi ya utawala wa Kiingereza, na kuanzia katikati ya 1954, kwa muda usiozidi miezi kumi na minane, zaidi ya watu milioni moja wa Nyeri, Murang'a, Kiambu, Embu na Meru waliondolewa katika mashamba yao, nyumba zao zikachomwa, wakasongwa katika vijiji vilivyozungukwa na mahandaki yenye miti iliyochongwa ncha. Wanawake, maadam waume wao walikuwa msituni au kizuizini, ndio waliochimba mahandaki hayo kwa kulazimishwa chini ya ulinzi wa ngati, yaani walinzi wenyeji walioitumikia serikali, huku watoto wao wakidhoofika kwa njaa; na wengi walifanyiwa jeuri ambayo hawakuweza kuitamka mbele ya jamaa zao, wala hapakuwa na aliyewauliza.

La kuhuzunisha ni kwamba elimu ya tiba yenyewe ilishiriki. Tabibu J. C. Carothers, aliyewahi kuiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari huko Nairobi, aliiandikia serikali risala mwaka 1954 juu ya nafsi ya watu wa Mau Mau, akayatafuta maradhi katika tabia na mila za Wakikuyu badala ya kuyatafuta katika ardhi waliyonyang'anywa, kisha akaunga mkono kuwakusanya watu vijijini. Haifai tabibu kuipa dhuluma cheti cha afya.

Ikapita miaka zaidi ya hamsini. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba Wakenya waliteswa, ikakubali kuwalipa fidia wadai 5,228. Miaka miwili baadaye, tarehe 23 Mei 2015, Nyaatha alitangazwa mwenyeheri mjini Nyeri, katika viwanja vya chuo kikuu chenye jina la Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau.

Wazee waliokuwa watoto katika vijiji vile wangali wakija kwenye zahanati za Othaya, Karatina na Mukurwe-ini. Nawasihi basi walimu wa uuguzi wa Tumutumu, wa Mathari ya Nyeri na wa vyuo vingine vya mlimani, waisomeshe tarikhi hii pamoja na elimu ya mwili, ili muuguzi kijana amweleze bibi kizee anachotaka kufanya kabla ya kumgusa, amwombe idhini, asimwamrishe kuvua nguo kwa sauti ya ukali, na asiufunge mlango bila ya kumwuliza.