Urefu wa mvuto (upinde)

Urefu wa mvuto ni umbali kati ya mpini wa upinde na mahali upote unapofikia mpigaji akiwa ameuvuta hadi mwisho. Katika upinde wa jadi wa nchi za Maziwa Makuu, mwili wa mpigaji ndio unaoamua mvuto ukome wapi. Katika upinde wa kompaundi, wenye magurudumu kwenye ncha zake, mashine ndiyo inayoamua, kwa hiyo upinde uliorekebishwa kwa mtu mmoja huenda usimfae mwenzake.

Upimaji

Mpigaji husimama wima, akanyoosha mikono pande zote mbili bila kujivuta. Umbali kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi cha mwingine hugawanywa kwa 2.5. Mwenye sentimita 178 hupata takriban 71, yaani inchi 28. Watengenezaji hupima kutoka kwenye upote hadi sehemu ya mpini iliyobonyea zaidi, kisha huongeza inchi 1.75. Hesabu ya kugawanya kwa 2.5 ni mwanzo tu. Kipimo cha kweli huthibitishwa upinde ukiwa umevutwa.



Upinde wa kompaundi

Ulibuniwa na Mmarekani Holless Wilbur Allen wa Missouri, aliyeomba hataza mwaka 1966 na kuipata 1969. Magurudumu yaliyo kwenye ncha za mikono ya upinde hupunguza uzito mvuto unapokamilika, mara nyingi kwa asilimia 65 hadi 90, hivyo mpigaji hulenga kwa utulivu. Mvuto hukoma ghafla, kana kwamba umegonga ukuta. Urefu hubadilishwa kwa kusogeza vipande vya gurudumu au kwa kulibadilisha lote, kazi ambayo katika baadhi ya pinde huhitaji mtambo wa kubana mikono ya upinde.

Mvuto ukiwa mrefu kupita kiasi, kichwa huegemea nyuma, kiwiko hukakamaa na upote huchapa mkono ulioshika upinde. Ukiwa mfupi, mikono ya mpigaji hubaki imekunjika, misuli ya mgongo haifanyi kazi yake na mshale hupungua kasi. Kosa la kawaida la wanaoanza ni kuchagua mvuto mrefu wakitafuta kasi.

Mashindano ya kimataifa ya kompaundi ya nje hupigwa umbali wa mita 50, na nguvu ya mvuto haizidi pauni 60.

Mbarara na Nakivale

Upinde una historia ndefu katika nchi za Maziwa Makuu. Mbarara ni mji mkuu wa eneo la Ankole, Uganda, ambako wapiganaji wa wafalme wa Nkore, yaani Ankole ya kale, walibeba mikuki na pinde. Makumbusho ya Eriijukiro, huko Biharwe, huhifadhi zana za enzi hizo.

Nakivale, makazi ya wakimbizi katika wilaya jirani ya Isingiro, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Leo ina zaidi ya watu 100,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Katika Rwanda walikotoka wakimbizi wa kwanza, enzi za wafalme, kulenga shabaha kwa mishale kulikuwa sehemu ya malezi ya vijana kwenye itorero, shule ya jadi.

Batwa, jamii ya wawindaji wa misitu ya kusini-magharibi mwa Uganda, waliwinda kwa upinde hadi misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991.

Kwingineko Afrika Mashariki

Waata wa eneo la Tsavo, Kenya, waliogopewa kwa pinde zao zenye mvuto wa zaidi ya pauni 100 (kilo 45), wakiua tembo kwa mishale ya sumu ya msunguti. Msako wa serikali ya kikoloni wa 1956–57 uliukomesha kwa kiasi kikubwa uwindaji huo. Wahadza wa Ziwa Eyasi, Tanzania, hutumia upinde mrefu unaokaribia kimo cha mwenyewe.

Hali ya sasa

Shehzana Anwar aliiwakilisha Kenya katika upigaji upinde kwenye Olimpiki ya Rio 2016, kwa upinde usio na magurudumu. Kompaundi imeingizwa katika ratiba ya Olimpiki ya Los Angeles 2028, kwa timu za mwanamume na mwanamke.