Mlinzi wa Sanduku la Kura: Historia ya Cibitoke



Kaskazini-magharibi mwa Burundi, pale Mto Rusizi unapoitenga nchi hiyo na Kongo, na Mto Ruhwa unapoitenga na Rwanda, ndipo ilipo Cibitoke. Magharibi yake ni tambarare ya Imbo, yenye mpunga, pamba na michikichi. Mashariki vilima hupanda hadi msitu wa Kibira. Sensa ya mwaka 2008 ilihesabu humo watu zaidi ya 460,000, wengi wao wakulima. Mkulima hana silaha ila jembe, wala hana sauti ya kufika Bujumbura ila kura yake. Kwa sababu hiyo, historia ya kura za Cibitoke haitengani na historia ya watu waliobeba bunduki karibu na masanduku ya kura.

Katika uchaguzi wa wabunge wa tarehe 18 Septemba 1961, Cibitoke ilikuwa bado sehemu ya Bubanza. Chama cha UPRONA cha Mwanamfalme Louis Rwagasore kilipata viti 58 kati ya 64. Haukupita mwezi mmoja, tarehe 13 Oktoba, Rwagasore akauawa kwa risasi. Wananchi walipiga kura tena mwaka 1965. Lakini Oktoba ya mwaka huo lilitokea jaribio la mapinduzi, na Novemba 1966 Michel Micombero akauondoa ufalme. Ikapita miaka 17 bila wabunge kuchaguliwa. Cibitoke ilifanywa mkoa mwaka 1982, na Oktoba ya mwaka huo watu wake wakaitwa kuchagua. Lakini wagombea wote walikuwa wa chama kimoja.

Ushindani wa vyama ulirudi mwaka 1993. Tarehe 1 Juni Melchior Ndadaye wa FRODEBU alimshinda Rais Pierre Buyoya kwa karibu asilimia 65 ya kura. Tarehe 29 Juni wananchi walichagua wabunge, kila mkoa ukiwa jimbo la uchaguzi, na FRODEBU ikapata viti 65 kati ya 81. Upigaji kura ulikwenda kwa utulivu, na Buyoya akakabidhi madaraka. Walakini tarehe 21 Oktoba askari walimuua Rais Ndadaye pamoja na Spika wa Bunge, Pontien Karibwami. Yaliyofuata ni mauaji ya raia, Wahutu na Watutsi, na vita vya zaidi ya miaka kumi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Askari wachache walidhani wanaondoa mtu mmoja. Kumbe walikuwa wanafuta kura za mamilioni. Cibitoke, kwa kuwa ipo mpakani, ililipa gharama kubwa. Tarehe 4 Juni 1996 wajumbe watatu wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu waliuawa njiani karibu na Mugina, na kamati hiyo ikaondoka Burundi. Basi maskini akapoteza kura yake, kisha akapoteza na dawa yake.

Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulitafuta kuutibu ugonjwa huo kwenye mzizi wake. Katiba ya mwaka 2005 iliagiza kwamba hakuna kabila litakalozidi nusu katika vikosi vya ulinzi na usalama. Tena ikawakataza askari na polisi kuwa wanachama wa chama chochote cha siasa, kuonyesha mapenzi yao ya kisiasa, au kudhuru chama kilicho halali. Chini ya kanuni hizo watu wa Cibitoke walipiga kura mwaka 2005, na CNDD-FDD ikashinda nchini.

Lakini karatasi ya katiba hailindi mtu peke yake. Mwishoni mwa Desemba 2014, miezi michache kabla ya uchaguzi, kundi lenye silaha liliingia Cibitoke likitoka Kongo, likapigwa. Baadaye shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba watu wasiopungua 47 wa kundi hilo waliuawa baada ya kujisalimisha. Na usiku wa tarehe 11 Mei 2018, siku sita kabla ya kura ya maoni juu ya katiba, wauaji waliingia Ruhagarika, katika tarafa ya Buganda, wakaua watu 26, watoto wakiwamo.

Matukio hayo mawili yanafundisha wajibu wa namna mbili. Ruhagarika inafundisha kwamba mwananchi asiyelindwa usiku hana uhuru wa kuchagua mchana. Yale ya mwaka 2014 yanafundisha kwamba adui akishainua mikono ni mfungwa, na mfungwa ni amana ya sheria. Anayemuua humpa ndugu wa marehemu sababu ya kuvuka mto tena akiwa na bunduki.

Mwaka 2025 mkoa wa Cibitoke uliunganishwa na mkoa mpya wa Bujumbura, na katika uchaguzi wa tarehe 5 Juni CNDD-FDD ilitangazwa kupata viti vyote 100 vilivyogombewa bungeni. Mipaka hubadilika, na washindi hubadilika. Kazi ya mlinzi haibadiliki: alilinde sanduku, ampishe mpiga kura, asiulize kilichoandikwa ndani, na matokeo yakiisha kutangazwa, yawe matamu kwake au machungu, bunduki yake ibaki begani.