HISTORIA NA NESI, SEHEMU YA 9: Jikedume wa kwenye fulana



Wiki iliyopita, siku ya kliniki ya kupima uzito, alikuja mama mmoja kutoka huko machimboni. Mtoto mgongoni, nyuma yake binti wa miaka kama 9 amevaa kaptula ya kaka yake na fulana ya mtumba. Kwenye fulana kuna mwanamke mwenye taji na bangili pana mikononi. Nilipomaliza kumpima mdogo, mama akaninong'oneza: "Nesi, huyu mkubwa ni jikedume. Anachunga mbuzi, anapanda miti, anapigana na wavulana. Hakuna dawa?"

Nikamwambia mtoto mzima wa afya hapewi dawa. Lakini binti naye alikuwa na lake. "Shikamoo nesi. Huyu wa kwenye fulana ni nani?" Nikaahidi kumjibu. Leo nawajibu wote wawili, nanyi mkisikia.

Anaitwa Wonder Woman, wa vitabu vya katuni vya Marekani, ila mizizi yake iko kwenye ngano za Wagiriki wa kale. Walikuwa na hadithi za Waamazoni, kabila la wanawake waliopanda farasi, kuwinda na kupigana vita, yaani kazi zote ambazo Mgiriki alisema ni za mwanaume. Malkia wao Hippolyta alikuwa na mkanda aliopewa na mungu wa vita. Hercules akatumwa kuuchukua, na katika masimulizi mengi Hippolyta anauawa. Malkia mwingine, Penthesilea, alikwenda kupigana Troy. Aliuawa na Achilles.

Hapo kwa Achilles subirini kidogo, maana hii inawahusu kina mama. Mama yake, Thetis, alijua mwanawe akienda vita ile hatarudi. Akamvalisha gauni, akamficha kwenye kisiwa cha Skyros miongoni mwa mabinti wa mfalme, aishi kama msichana. Odysseus akaja na vito vya wanawake, katikati akachomeka silaha. Mabinti wakakimbilia vito, Achilles akashika silaha, siri ikaisha. Sasa angalieni. Mvulana aliyevaa gauni hakuadhibiwa kwa gauni lile, aliitwa shujaa mpaka leo. Mwanamke aliyeshika mkuki akafa, tena kwa mkono wa huyohuyo aliyekuwa amefichwa ndani ya gauni. Wagiriki walipenda kumsimulia jikedume, lakini mwisho wa hadithi lazima azikwe.

Mwaka 1941 mwanasaikolojia wa Marekani, William Moulton Marston, akaugeuza mwisho huo. (Manesi wenzangu mtacheka: huyu ndiye aliyetafuta namna ya kumjua mwongo kwa kupima presha! Ndiyo maana Wonder Woman ana kamba, ukifungwa nayo unasema kweli.) Kwenye hadithi yake Hercules anawahadaa Waamazoni na kuwafunga, lakini wanajikomboa, na zile bangili wanazivaa ili wasisahau minyororo. Hippolyta haufi. Anafinyanga mtoto wa udongo, miungu inampa uhai, ndiye huyo wa kwenye fulana. Mwaka 1973 wakamletea na dada mweusi, Nubia, aliyefinyangwa kwa udongo mweusi.

Katikati ya hayo ikaja hofu. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alichapisha kitabu kuwaonya wazazi kuhusu katuni. Kuhusu Wonder Woman alisema anawatisha wavulana na ni mfano mbaya kwa wasichana. Wazazi wakaogopa, na mwaka huohuo wachapishaji wakajiwekea masharti makali. Mwaka 1968 waandishi wenyewe wakamnyang'anya nguvu zake, wakamfungulia duka la nguo. Jamani, duka la nguo! Mwaka 1972 jarida la wanawake la Ms. likamweka kwenye jalada akiwa na mavazi yake ya zamani, na muda mfupi baadaye akarudishiwa nguvu. Na yule daktari? Mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley alipekua makaratasi yake akaonyesha kwamba alikuwa amepindisha maneno ya watoto aliowahoji. Kina mama walinyimwa usingizi kwa ushahidi uliochezewa.

Mtasema hayo ni ya Wazungu. Haya, twende Mererani.

Pili Hussein alikulia kwenye familia kubwa ya mfugaji, na baba yake alimchukulia kama mvulana, akapewa mifugo achunge. Akaolewa, ndoa ikawa ya mateso, akaondoka akiwa na miaka 31. Alipofika kwenye migodi ya tanzanite akakuta mwanamke haruhusiwi kushuka shimoni. Nyie wa Geita na Kahama hili mnalijua: mpaka leo kuna maduara wanaamini mwanamke akisogea dhahabu inakimbia, kazi yake iishie kuponda mawe na kupika. Pili akavaa suruali, akajiita Mjomba Hussein, akashuka. Karibu miaka 10 alichimba na wanaume, mamia ya mita chini ya ardhi, na hakuna aliyemjua. Alipata mawe, akawajengea baba na mama yake nyumba. Siri ilitoka siku aliposingiziwa kosa ambalo mwanamke asingeweza kulitenda, akakamatwa, ikabidi ajitambulishe. Wenzake waligoma kuamini, mpaka alipoolewa mwaka 2001. Baadaye akawa na kampuni yake ya uchimbaji.

Yeye hakuandikwa na mtu. Na hakuna aliyemzika mwisho wa hadithi.

Mimi binafsi nimewahi kumwambia binti yangu "kaa kama msichana", tena kwa ukali, kwa sababu tu wageni walikuwa wanaangalia. Sikuwa na sababu nyingine.

Juzi yule mama alirudi, mdogo ana homa. Tulipokuwa tunasubiri kipimo cha malaria nikawasimulia habari za Pili. Binti akauliza swali moja tu: "Naye alichunga?"

Nikamwambia alichunga, ila hakuipenda kazi hiyo.

"Mimi napenda," akasema. Mama yake akamtazama, akamrekebisha kola ya fulana.