Nani Alimuloga? Shetani, Pepo na Mulozi katika Biblia na katika Nchi ya Shaba

Hapa Kolwezi mtu akifa mapema, mbele sanduku halijafungwa, swali limekwisha kutoka: nani alimukula? Watu hawaulizi sana ni ugonjwa gani. Hata aliyekufa kwa malaria, hata aliyeangukiwa na udongo mu shimo la kobalti, lazima mtu fulani awe nyuma yake. Na siku hizi jibu linatolewa Biblia mkononi. Katika kurasa hizi tunataka kuangalia swali hilo lilipita njia gani katika nchi yetu, na Biblia yenyewe inalijibu namna gani. Tuseme kweli: tulipofungua Biblia kwa ajili ya kazi hii, tulidhani tutakuta jibu. Hatukulikuta.

Tuanze na majina. Neno Shetani lilifika kwetu pamoja na Kiswahili cha pwani, kwa njia ya Kiarabu. Ndugu yake wa Kiebrania, satan, maana yake ni mpinzani au mshitaki, na mwanzoni halikuwa jina la mtu mmoja. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 22, malaika wa Bwana anayefunga njia mbele ya Balaamu na punda wake anatajwa kwa neno hilohilo. Katika kitabu cha Yobu, Shetani anakuja kati ya wana wa Mungu kama mshitaki wa tribinali, na hawezi kumgusa Yobu bila ruhusa. Nyoka wa kitabu cha Mwanzo naye haitwi Shetani mahali popote katika habari ile. Ni Ufunuo, sura ya 12, njo inaunganisha nyoka wa zamani, Ibilisi na Shetani kuwa mmoja. Na kuna mahali wahubiri wetu wanapita mbio: Samweli wa Kwanza, sura ya 16, pepo mbaya anayemtesa mfalme Sauli anasemwa ametoka kwa Bwana. Kumbe mafundisho juu ya Shetani yalikua polepole, kizazi kwa kizazi, na anayetaka kuyafanya kuwa kitu kimoja kilichonyooka atapata taabu.

Neno pepo nalo ni la kuangaliwa. Pepo na upepo ni wa ukoo mmoja, na vilevile Kiebrania na Kigiriki vinatumia neno moja kwa upepo, pumzi na roho. Kwa hiyo wafasiri hawakukosea. Shida ilikuwa kwetu, maana nchi hii ilikuwa na majina yake tayari.

Kwa Baluba, vidye ni roho mkubwa wa ziwa au wa mlima, na neno hilohilo linapanda mpaka kwa Vidye Mukulu, Mungu Mkubwa. Mikishi ni wakufu, wakambo wetu, wanaoweza kubariki ao kukasirika. Mulozi ni mambo mengine kabisa: yeye ni mtu mzima na damu yake, jirani, muko, ndugu, mwenye kupunguza uzima wa wengine. Wazee hawakuchanganya. Roho ilipomkamata mtu, walimtunza, pengine akawa kilumbu, mwenye kusema kwa niaba ya vidye. Lakini mambo ya mulozi yalikuwa kesi: watu walikwenda kwa kilumbu kumuuliza ni nani, na mara nyingine kesi ilimalizwa na mwavi, dawa ya kunywa inayoua ao inayotapikwa. Tusiwapake wazee sukari. Mwavi uliua watu wasio na kosa, na serikali ya koloni iliukataza.

Mu 1886 Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya kwa mfalme Msiri, njo mwanzo wa misioni katika Katanga. Nyuma yake alikuja Dan Crawford, aliyefasiri Maandiko katika Kisanga na kufariki mu 1926 pale Luanza, kando ya ziwa Mweru. Kaskazini, katika Uluba, William Burton alifika mu 1915, na aliandika mengi juu ya desturi za Baluba. Wakatoliki nao walifungua misioni zao. Wote, kwa njia zao mbalimbali, walifundisha kwamba kilumbu anatumikia mashetani. Vidye, mikishi, dawa, vyote vilitiwa ndani ya kapu moja. Kilumbu alitoka kwenye kiti chake. Lakini waliokuwa wanakuja kumuuliza «ni nani?» hawakuacha kuuliza. Kiti kilibaki wazi, na swali likabaki limesimama mbele ya kiti.

Aliyekaa pale kwa nguvu ya kwanza alileta msiba. Mu 1925 mtu mmoja wa Nyasaland, Tomo Nyirenda, aliyekuwa amesikia mafundisho ya Watch Tower, alianza kubatiza kati ya Balala wa Rhodesia ya Kaskazini. Walimwita Mwana Lesa, mwana wa Mungu. Watu walimwomba kitu kimoja: atutolee walozi. Basi alifanya ubatizo kuwa mwavi mpya. Aliyezama vizuri ndani ya maji alikuwa safi. Ambaye maji «yalimkataa» alihesabiwa mulozi, akauawa palepale. Alivuka mpaka akaingia Katanga, na upande wetu njo aliua wengi zaidi. Waingereza walimkamata, wakamnyonga mu 1926. Ukisoma Injili zote nne, hutakuta ubatizo umetumiwa hata mara moja kumpima mtu kama ni mulozi. Lakini waliosimama kando ya mto ule walisadiki wanatii Biblia.

Kolwezi yetu ilipata mwalimu wa namna nyingine. Padri Placide Tempels, Mfransiskani Mbelgiji, mwenye kitabu juu ya falsafa ya Kibantu kilichotoka Elisabethville mu 1945, alikuja kufanya kazi hapa mu 1953, kati ya watu wa makambi ya Union Minière. Hapa njo Jamaa ilizaliwa. Wazee wa Jamaa wanapenda kueleza kwamba Padri aliuliza watu wanatamani nini, nao walijibu: uzima, uzazi, mapendo. Tempels alikuwa amekwisha kuandika kwamba ulozi, kwa mawazo ya Kibantu, ni kuharibu uzima wa mwingine. Njia ya Jamaa haikuwa kumtafuta mharibifu nyumba kwa nyumba. Ilikuwa kukaa chini bwana na bibi, kufunuliana mawazo, kujenga umoja. Baadaye Jamaa nayo ilikuwa na magumu yake na maaskofu, lakini hayo tunaacha kwa siku ingine.

Kisha shaba ilianguka. Mwezi wa 9 mwaka wa 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Gécamines, iliyokuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mu 1993 ilitoa chini ya 50,000. Mwaka uleule ndugu zetu wa Kasai walifukuzwa Kolwezi, wakilala siku nyingi kwenye gare wakingojea treni. Mu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi. Baba ambaye posho yake ilikuwa inalisha watu kumi na mbili alikaa nyumbani akitazama ukuta. Katika miaka hiyo makanisa ya uamsho yaliongezeka mu cité zote, na ndani ya mengi yao kiti cha kilumbu kilipata mwenyewe tena, mwenye kuvaa kravati. Tena mara hii kidole hakikuelekea kwa mkubwa mwenye wivu. Kilielekea kwa mtoto.

Basi Biblia inasema nini? Hatuwezi kuficha kwamba Kutoka, sura ya 22, inahukumu kifo kwa mwanamke mchawi, na Kumbukumbu, sura ya 18, inakataza uaguzi na kuwauliza wafu. Mstari ule wa Kutoka ulitumiwa Ulaya kuchoma watu moto. Lakini angalia Yesu anapokutana na pepo. Kwa yule wa makaburini, Marko 5, anauliza pepo jina lake. Haulizi jirani gani alimtuma. Mama aliyepinda mgongo miaka 18, Luka 13, anasemwa amefungwa na Shetani, na hakuna shangazi wala mke-mwenza anayeitwa kujibu. Katika sura ileile mnara wa Siloamu umeangukia watu 18, na Yesu anakana kwamba walikuwa na dhambi kuliko wengine. Sisi wa nchi ya mashimo tusome pale polepole. Tarehe 27 mwezi wa 6, 2019, udongo uliporomoka katika mgodi wa KOV na kuua wachimbaji zaidi ya 40. Katika Yohana 9 wanafunzi wanauliza swali letu lenyewe mbele ya kipofu: nani alikosa, yeye ao wazazi wake? Jibu ni kwamba hakuna. Hata Efeso, Matendo 19, wachawi wanaleta vitabu vyao wenyewe na kuvichoma. Hakuna aliyewataja.

Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi, na sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 ya kulinda mtoto inampa mwenye kufanya vile kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu. Sheria hizo hazikuwapo wakati wa kesi tuliyoiona sisi wenyewe.

Ilikuwa mu 2004, katika parsele ya jirani. Baba alikuwa ametoka kazini, na mtoto wake wa miaka 8 alikuwa na ugonjwa wa kuanguka. Siku moja alianguka ndani ya moto wa makala. Mchungaji aliyeitwa alisema: «Huyu mutoto njo alikula kazi ya baba yake.» Walimfungisha kula siku tatu, na walikuwa wanataka kumtoa nyumbani. Kambo yake, aliyesoma misioni mpaka mwaka wa nne tu, alifungua Marko 9, habari ya kijana aliyekuwa anaanguka motoni na majini.

«Pasta, unionyeshe fasi Yesu anasema mutoto njo mulozi.»

Mchungaji alisema ile ni pepo.

«Sawa, ni pepo. Na Yesu alimuliza baba nini? Alimuliza: tangu lini? Mbona wewe haukuuliza?»

Hakungoja jibu. Alimufunga mjukuu kitenge mgongoni, mkubwa vile alivyokuwa, akatembea naye mpaka hospitali. Walisema ni kifafa, wakampa vidonge. Leo kijana yule anatengeneza pikipiki, na vidonge anavinywa kila asubuhi.