Aibu ya Maandishi ya Chini

Vijana wa vyuo walizicheka Bongo Movie kwa sababu ya Kiingereza kibovu cha tafsiri zilizopita chini ya kioo. Waigizaji walizungumza Kiswahili, tena kitamu, lakini msomi hakukisikia. Macho yake yalikuwa chini, yakisaka makosa. Na majina je? Girlfriend ya mwaka 2003, kisha Young Billionaire ya Steven Kanumba: filamu za Kiswahili zilizovishwa Kiingereza kama suti ya kuazima. Hilo (ajabu!) halikumwaibisha mtu.

Kanumba alipofariki, Aprili 2012, maelfu walifurika viwanja vya Leaders, Kinondoni, kumuaga. Wengi wao, nadhani, tafsiri zile hawakuwahi kuzisoma. Hawakuwa na haja nazo.